Siku Tatu za Kukaa Tu

Kwetu likizo ni neno lenye kilio ndani yake:
unaomba ruhusa kwa sababu mtu amelala
na hataamka, au mahari imekwama njiani.
Miaka kumi na tisa ya wodi na zamu za usiku
sijawahi kuandika kwenye ile fomu, palipo na "sababu":
nataka kukaa tu.

Mwaka huu nikaandika.
Metroni akasoma mara mbili. "Kukaa wapi?"

Ukerewe. Hoteli ya ufukweni, mwendo mfupi kutoka Nansio,
vyumba sita vya rangi ya kiini cha yai,
miavuli ya nyasi, vitanda vya mbao vya kuotea jua
kana kwamba jua limeadimika nchini.
Nikamchukua mama. Kisiwa ni chake;
aliondoka hapo na ndoo moja na mume mmoja,
akarudi na binti mwenye sanduku la magurudumu
linalochora reli mchangani.

Siku ya kwanza alitandika kitanda kabla mhudumu hajafika,
akafagia kibaraza, akaenda jikoni kuuliza
kama wana dagaa wa kuchambua.
Bwire, kijana wa vyumba, akaja kwangu kwa upole:
"Dada, mama anatumalizia kazi."
Nikamketisha juani. Akakaa ukingoni mwa kitanda,
mkoba mapajani, viatu miguuni,
kama anayesubiri kuitwa na daktari.

Na mimi je? Watoto wa wageni wakijirusha majini
niliwaza konokono, nikawaza kichocho,
nikawakadiria vidonge kwa uzito wa kila mmoja.
Ziwa lenyewe halikuwa na habari.
Gugumaji lilipita polepole kama kijiji kinachohama.
Mdiria akaning'inia hewani, akapigapiga mabawa,
akafikiri, akaghairi.

Siku ya pili tukaenda kwenye magofu.
Jumba la mtemi, wanasema. Zimebaki kuta za mawe
kimo cha kifua, ngazi saba zinazopanda kwenda hewani,
na mkuyu uliohamia sebuleni bila kualikwa.
Majura, mwongoza wageni, shati limenyooshwa hadi linakata,
akasema elfu mbili mbili, za kijiji, risiti ipo.
Mama akamwangalia.
"Mama yangu alibeba mawe ya ukuta huu," akasema,
"kutoka ziwani, kichwani, na mimi mgongoni.
Hakupewa risiti."

Majura akafunga kitabu chake. Kisha akakifungua tena,
maana naye ana bosi.
Nikalipa. Mama akacheka, tena kwa sauti.

"Hapa palikuwa baraza," Majura akaanza.
"Jiko," mama akasema.
"Hapa ghala la mtama."
"Hapo tulinyeshewa siku nzima tukisubiri kuambiwa turudi kesho."
Majura akachomoa kalamu, akaandika
nyuma ya risiti yetu, akaibakiza.

Kisha mama akapanda ngazi, na goti lake lile,
moja, mbili, akafika ya tano, akavua viatu,
akaegemea ukuta. Jiwe lilikuwa limekunywa jua tangu asubuhi.
Mjusi kafiri mwenye kichwa chekundu akasogea kumpisha.
Akalala.
Mdomo wazi, mkoba umepinduka,
chungwa moja likishuka ngazi, tu, tu, tu, hadi miguuni pangu.

Kulikuwa na kibao cha bati: USIPANDE.
Nikamtazama Majura. Majura akatazama kibao.
Nje likasimama gari, wageni wanane na kamera zao.
Akawawahi langoni, mikono imetanuliwa:
"Tuanzie nyuma, jamani, tuanzie nyuma,
huku mbele kuna..." akatafuta neno,
"kuna ukarabati."

Nikakaa ngazi ya pili, nikamenya chungwa.
Sikuhesabu kitu.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa.
Tulikuwa jikoni, mama na mimi, ungo mmoja,
tukichambua dagaa, na Bwire akatuletea chai
kwenye trei, na vitambaa vya mkono,
kama wageni.